Vipandikizi vya ubongo vinavyotoa dawa ya kifafa: kinachokwamisha ni nini hasa?

BenchiLaVifaa ameuliza:

Habari za kazi wakuu. Nina swali la kiufundi kuhusu vipandikizi vinavyowekwa ubongoni na kutoa dawa ya kifafa palepale mshtuko unapoanzia. Naomba tulijadili kwa namba, maana habari nyingi zinazosambaa huishia kwenye "wanasayansi wamegundua", na mgonjwa anabaki na matumaini hewa.

Msingi wake naufahamu. Kidonge kinapita tumboni na kwenye ini, dawa inaenea mwili mzima, kisha kile kinachopenya kizuizi cha kati ya damu na ubongo ndicho kinachofanya kazi, tena kwenye ubongo wote. Sehemu yenye kasoro huenda ikawa ndogo kuliko kidole gumba, lakini usingizi, kupepesuka na fizi kuvimba ni vya mtu mzima. WHO inakadiria watu milioni 50 hivi wana kifafa duniani, na karibu theluthi yao vidonge haviwazuii kuanguka.

Nimeona makundi matatu: polima iliyochanganywa na dawa ikaachwa iachilie taratibu, pampu yenye hifadhi ya dawa na mrija mwembamba, na hii pampu ya ioni inayotoa dawa kwa umeme bila kusukuma maji. Ninachotaka kujua: dawa kiasi gani inatoka kweli, inafika umbali gani, hifadhi inadumu muda gani, na kwa nini mpaka sasa hakuna hata kimoja kilichoidhinishwa kwa kifafa? Halafu kuna familia zinazouliza zijiandikishe wapi. Zijibiwe nini?

UtandoNaWaya:

Nianze na pampu ya ioni, kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi.

Ndani ya kijiti chembamba cha plastiki kuna mfereji mdogo uliojaa mmumunyo wa dawa. Mwisho wa mfereji kuna vitundu, na kila kitundu kimezibwa kwa utando wa polima wenye chaji hasi isiyohama. Utando huo unapitisha ioni chanya na kuzuia hasi. Elektrodi moja iko ndani ya mfereji, ya pili iko nje kwenye tishu. Ukiweka volti, ioni chanya za dawa zinavuka utando na kuingia ubongoni, maji yanabaki ndani. Hilo la maji ndilo lenye thamani. Ukidunga hata mikrolita moja kwenye hipokampasi (sehemu ya ndani ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu) ya panya unasukuma tishu, unaongeza shinikizo, na kimiminika kinarudi nyuma kando ya sindano badala ya kukaa ulipolenga.

Timu ya Cambridge, wakiwemo Christopher Proctor na George Malliaras, pamoja na Christophe Bernard na wenzake wa Marseille, walichapisha kazi yao mwaka 2018. Walitumia GABA, kemikali ambayo ubongo wenyewe huitumia kutuliza neva. Kuimeza GABA hakusaidii kwa sababu karibu haipenyi kizuizi cha damu na ubongo, kwa hiyo hapa kipandikizi kinaruhusu dawa ambazo haziwezi kuwa vidonge. Kwenye panya waliochochewa mshtuko kwa 4-aminopiridini, pampu iliweza kuzima mshtuko ulioanza, na ikiwashwa mapema iliuzuia. Dawa iliyotoka ilikuwa chini ya 1% ya iliyopakiwa.

Asilimia hiyo haishangazi ukipiga hesabu ya Faraday. Chukua mkondo wa nanoampea 100 kwa sekunde 60: ni mikrokulombi 6. Gawa kwa 96,485, unapata pikomoli 62 za ioni yenye chaji moja. Tuseme nusu tu ya mkondo imebebwa na GABA, nusu nyingine na protoni na sodiamu. Zinabaki pikomoli 31. Zikiingia kwenye milimita moja ya ujazo ya ubongo, ambamo nafasi iliyo nje ya seli ni kama 20%, unapata mikromola 150 hivi nje ya seli, kabla seli hazijaanza kuifyonza. Vipokezi vya GABA-A vinahitaji makumi ya mikromola. Inatosha. Sasa mfereji wenye mikrolita 1 ya GABA ya milimola 50 una nanomoli 50, yaani zaidi ya dozi 800 hata kama mkondo wote ungekuwa wa GABA.

Kwa hiyo hifadhi ya dawa siyo inayoanza kukwama. Kinachoanza ni elektrodi. Ukitumia PEDOT:PSS, plastiki inayopitisha umeme, ambayo hubeba takriban faradi 40 kwa sentimita ya ujazo, elektrodi ya milimita moja ya mraba yenye unene wa mikromita 1 ina mikrofaradi 40. Ukiiruhusu ibadilike kwa nusu volti, una mikrokulombi 20 tu. Kwa nanoampea 100 ni sekunde 200, basi. Ukiendelea kulazimisha, maji yanaanza kupasuka kuwa gesi, pH inayumba, na utando unabanduka. Ukigeuza mkondo ili kuichaji upya, sodiamu na potasiamu za ubongo zinavutwa kuingia kwenye mfereji na zinachukua nafasi ya dawa kwenye utando, hivyo dozi inayofuata inakuwa pungufu. Fedha na kloridi yake ingekuwa rahisi zaidi, ila fedha ni sumu kwa tishu, haifai kuachwa humo.

Tatizo la pili ni uvujaji. Pampu ikiwa imezimwa, ioni bado zinasambaa polepole kupitia utando. Kwa jaribio la saa mbili huoni. Kwa miezi sita, kinachovuja kinaweza kuzidi kinachotolewa kwa makusudi. Dawa yake ni kushikilia volti ndogo ya kinyume muda wote, na hiyo nayo inakula betri na elektrodi ileile.

Mfamasia_Zamu:

Naongezea upande wa dawa yenyewe, kwa sababu mhandisi akishasema "dawa" kwa ujumla tunapoteana.

Pampu ya ioni inataka molekuli yenye chaji. Orodha ya dawa za kifafa haiko upande wake. Levetirasetamu haina chaji. Kabamazepini haina chaji na karibu haiyeyuki kwenye maji. Valproeti ina chaji hasi, fenobabitoni ni asidi hafifu ambayo kwenye pH ya mwili takriban nusu tu ina chaji hasi, kwa hiyo hizo mbili zinahitaji utando wa aina ya pili, unaopitisha ioni hasi. Hata GABA kwenye pH ya kawaida ina chaji chanya na hasi kwa pamoja, jumla sifuri. Ndiyo maana mmumunyo unatiwa asidi. Kikundi chake cha kaboksili kina pKa (pH ambayo nusu ya molekuli zimebadili chaji) ya karibu 4, hivyo kwenye pH 3.5 kama robo tatu ya molekuli inakuwa chanya. Lakini umeshaongeza protoni, na protoni huenda mbio kuliko GABA. Sehemu ya mkondo wako inatia asidi ubongoni badala ya dawa. Ukishuka chini zaidi ya hapo unapata GABA chanya nyingi zaidi na protoni nyingi zaidi kwa wakati mmoja. Faida inaisha haraka.

Pampu za kawaida zenye mrija nazo zina masharti. Fenitoini ya sindano iko kwenye pH ya kama 12, ukiishusha inageuka fuwele na kuziba mrija. Diazepamu inahitaji propilini glaikoli, kitu ambacho huwezi kukimwaga kwenye ubongo kila siku. Ndiyo maana watafiti wamekimbilia valproeti, muskimoli (inayoiga GABA) na adenosini (kemikali ya mwili inayotuliza neva): zinayeyuka. Huko Melbourne wagonjwa wachache walishapewa valproeti moja kwa moja kwenye ventrikali, uwazi wenye maji ndani ya ubongo, kupitia pampu iliyopandikizwa, kwa hiyo siyo kweli kwamba kila kitu kimeishia kwa panya. Ila ventrikali ina tabia zake: maji ya ubongo na uti wa mgongo ni kama mililita 150, na mwili hutengeneza karibu 500 kwa siku, maana yake yanabadilishwa mara tatu hadi nne kila siku. Dawa inasombwa. Inayobaki inapenya milimita chache za ukuta. Kwa hipokampasi ni afadhali, kwa sababu imelala kando kabisa ya pembe ya ventrikali. Kwa gamba la juu la ubongo ni mbali mno.

Umbali: fomula ni kipeuo cha pili cha uwiano wa D kwa k, D ikiwa kasi ya kusambaa na k kasi ya kuondolewa. Molekuli ndogo ndani ya ubongo ina D ya kama 3×10⁻⁶ sentimita za mraba kwa sekunde. Ikiondolewa nusu yake kila saa moja, umbali unaopatikana ni milimita 1.3. Ikiondolewa nusu kila dakika 15, ni milimita 0.6. Kila ukivuka umbali huo, mkusanyiko unashuka hadi kama 37%. Kuongeza dozi mara kumi hakukupeleki mbali mara kumi; kunakuongezea umbali wa mara 2.3 hivi tu ya kipimo hicho, huku eneo la karibu na mdomo wa kipandikizi likioga dawa.

Sasa polima. Mimi nadhani inadharauliwa bila sababu. Mfano ulio kazini ni Gliadel ya uvimbe wa ubongo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996. Ni kisahani cha kipenyo cha milimita 14.5 na unene wa milimita 1, kina uzito wa miligramu 200, na ndani yake kuna miligramu 7.7 za kamustini, dawa ya saratani. Vinawekwa hadi 8 baada ya uvimbe kutolewa. Imethibitika kwamba polima inaweza kuachwa ubongoni na kutoa dawa. Kwa kifafa, Detlev Boison na maabara ya David Kaplan walitumia hariri iliyopangwa kutoa kama nanogramu 1,000 za adenosini kwa siku kwa siku 10 kando ya hipokampasi ya panya, na kuchochewa kwa kifafa kukachelewa. Adenosini ukiimwaga kwenye damu inapunguza mapigo ya moyo na shinikizo. Kwenye hariri haifiki huko. Hakuna betri, hakuna waya, hakuna programu.

UtandoNaWaya:

Mfamasia, kwenye polima tunatofautiana. Kamustini inahitajika kwa wiki chache tu. Kifafa ni miaka. Chukua kisahani hichohicho cha miligramu 200 na ujaze dawa 20%, ambayo tayari ni nyingi: una miligramu 40. Ukitoa miligramu 0.1 kwa siku, umemaliza kwa siku 400. Halafu? Unafungua fuvu tena? PLGA, polima inayotumika sana kwa kazi hii, nayo ikioza inatoa asidi ya laktiki na ya glikoliki, pH karibu nayo inashuka, na mara nyingi siku za mwanzo dawa inabubujika kuliko ilivyopangwa. Mgonjwa akipata madhara huwezi kuizima.

Mfamasia_Zamu:

Sikatai hesabu hiyo. Nachosema ni kwamba kazi yake ni tofauti. Baada ya jeraha la kichwa au upasuaji kuna kipindi ambacho ubongo unajipanga upya kuelekea kifafa. Hapo wiki chache zinaweza kutosha, na kisahani kinachojimaliza chenyewe ni faida. Kumpa mtu mwenye kifafa cha miaka 20 kisahani cha siku 400, hapo nakubaliana nawe, hapana. Na tusisahau kwamba mshtuko ni mmoja wa madhara yanayojulikana ya Gliadel, kwa hiyo kitu chochote unachokiacha juu ya gamba la ubongo ukipime kwanza bila dawa ndani.

DaktariNeva:

Wakuu, mmezungumzia kifaa kana kwamba mahali pa kukiweka panajulikana. Hapo ndipo kazi ilipo.

Kwanza, kifafa cha jumla, kile kinachoanza pande zote mbili kwa pamoja, hakina "mahali". Hakuna kipandikizi cha milimita 1.3 kitakachokisaidia. Kwa kifafa chenye chimbuko, unahitaji EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) ya video iliyorekodi mishtuko yenyewe, MRI iliyopigwa kwa utaratibu wa kifafa yenye vipande vyembamba vilivyokata hipokampasi kwa msalaba wake, na wakati mwingine elektrodi za ndani ya ubongo kwa siku kadhaa. MRI ya kawaida ya kichwa yenye vipande vya milimita 5 inaweza kupita juu ya kovu dogo na ripoti ikaandikwa "hakuna kasoro".

Pili, ukishalipata chimbuko kwa usahihi wa milimita, na liko mahali panapoweza kukatwa salama, kipandikizi kinashindana na kisu. Jaribio la Kanada lililochapishwa 2001 liligawa watu 80 wenye kifafa cha sehemu ya temporali (ubavu wa ubongo, karibu na sikio): baada ya mwaka mmoja, 58% ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa na mishtuko ya kupoteza fahamu, dhidi ya 8% ya waliobaki na dawa. Kipandikizi cha dawa kinapata nafasi pale ambapo hukati: kwenye eneo la lugha, la mkono, au pale hipokampasi zote mbili zinapoanzisha mishtuko. Na hapo kwenye mbili, kumbukeni kwamba muskimoli au GABA kwenye hipokampasi zote inaweza kuzima kumbukumbu kwa muda pamoja na mshtuko. Mgonjwa hatasema "dawa imenizidi", atasema tu kwamba hakumbuki alichoambiwa asubuhi. Ipimwe makusudi.

Tatu, na hili naliona halijapewa uzito: nini kinatokea dawa ikikatika. Miaka ya 1980 Simón Brailowsky na wenzake walimwaga GABA mfululizo kwa siku kadhaa kwenye gamba la ubongo la panya na nyani, kisha wakasimamisha. Mishtuko ilizuka palepale dawa ilipokuwa ikimwagwa, hata kwa wanyama ambao hawakuwa na kifafa. Vipokezi vilikuwa vimezoea. Kwa hiyo pampu ya GABA inayotoa muda wote, siku ikiziba au betri ikiisha, inaweza kumwacha mgonjwa pabaya kuliko alikoanzia, pengine kwenye mshtuko usiokoma. Tunaliona kwa baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, ya pampu ya uti wa mgongo: mrija ukikatika ghafla, mgonjwa anapata homa kali, misuli inakakamaa, akili inachanganyikiwa, misuli inaweza hata kuvunjika na kuua figo. Kwa sababu hiyo peke yake naunga mkono kutoa dawa kwa vipindi, wakati mshtuko unapokuja tu.

Pampu za baklofeni zinatufundisha na mengine. Hifadhi ni mililita 20 au 40, inajazwa kwa sindano kupitia ngozi ya tumbo kila baada ya miezi michache, betri inaisha baada ya miaka 5 hadi 7 na kifaa kizima kinabadilishwa kwa upasuaji. Kosa la hatari zaidi la muuguzi au daktari ni sindano kukosa kizibo cha hifadhi na dawa kumwagwa kwenye mfuko wa ngozi kando ya pampu: dozi ya miezi inafyonzwa kwa saa chache. Kabla ya kujaza lazima uvute mabaki yote na uyalinganishe na yale ambayo kifaa kinasema yamebaki. Tofauti ikiwa kubwa, usijaze, tafuta sababu.

BenchiLaVifaa:

Asante sana wakuu. Daktari, hilo la kutoa kwa vipindi linanirudisha kwenye muda. Kama dawa inafika milimita moja tu, inafika baada ya muda gani? Na haiwezekani kuunganisha pampu na mashine kama RNS ya NeuroPace, ambayo tayari inasikiliza ubongo na kuupa mpigo wa umeme?

UtandoNaWaya:

Hapa ndipo penye jibu la swali lako la kwanza la nini kinakwamisha.

Muda wa kusambaa ni umbali kwa mraba wake, ukigawa kwa 6D. Kwa D ileile aliyotaja mfamasia: mikromita 100 ni sekunde 6 hivi. Milimita 1 ni zaidi ya dakika 9. Mshtuko mwingi unaisha wenyewe ndani ya dakika moja au mbili, na kuenea kwake nje ya chimbuko ni suala la sekunde. Umeme wa RNS, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, unafika papo hapo. Dawa haifiki.

Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza, kusambaza vitundu vingi ili hakuna sehemu ya chimbuko iliyo mbali na kitundu kwa zaidi ya mikromita 100 hadi 150. Kwa eneo la milimita chache za ujazo kwenye panya inawezekana. Kwa hipokampasi ya binadamu yenye urefu wa sentimita 4 hivi, hesabu idadi ya vijiti utakavyochoma na uharibifu wake. Ya pili, kutabiri mapema. Mark Cook na wenzake wa Melbourne walionyesha mwaka 2013, kwa watu 15 waliopandikizwa elektrodi za kurekodi muda mrefu, kwamba kwa baadhi yao saa za hatari zinaweza kutambuliwa kabla ya mshtuko. Ukiwa na onyo la dakika 20, zile dakika 9 siyo tatizo tena, na dawa inakuwa na ubora juu ya umeme kwa sababu inakaa.

Kuunganisha na kifaa cha kusikiliza kunawezekana, lakini usichukue vigezo vyake vilevile. RNS inaruhusiwa kukosea upande wa kuwasha mara nyingi, kwa sababu mpigo mfupi wa umeme haugharimu kitu kikubwa. Pampu ya mikrokulombi 20 ikiwashwa kwa kila ishara ya uongo itakuwa imekauka chaji mshtuko wa kweli unapofika. Weka kikomo cha dozi kwa saa ndani ya saketi yenyewe, siyo kwenye programu peke yake, na weka muda wa lazima wa kuchaji upya kati ya dozi.

Halafu kovu. Ndani ya wiki kadhaa baada ya kupandikiza, seli za glia, zile zinazohudumia neva, zinazunguka kijiti na kujenga ukuta wa makumi ya mikromita au zaidi. Ukuta huo unafanya mambo mawili kwa pamoja: unapunguza ubora wa ishara unazosikiliza, na unaweka kizuizi mbele ya kitundu cha dawa. Kijiti kigumu cha silikoni kinachosuguana na ubongo unaotikisika kwa kila mapigo ya moyo kinaongeza hali hiyo. Plastiki laini inapunguza, haimalizi.

BenchiLaVifaa:

Nimeelewa. Kwa mtu mwenye benchi dogo na anayetaka kupima utando wake kabla ya kufikiria mnyama, aanzie wapi?

UtandoNaWaya:

Fanya kwa mpangilio huu. Loweka utando kwenye GABA ya milimola 50, pH 3.5, usiku mzima ili ioni zilizokuwemo zibadilishwe. Jaza mfereji kwa sirinji polepole, angalia kwa hadubini kama kuna kiputo. Kiputo kimoja kwenye mfereji wa mikromita chache kinakata mkondo kabisa na utadhani utando umekufa. Kabla ya kuweka volti yoyote, zamisha ncha kwenye mikrolita 200 za maji bandia ya ubongo, nyuzi joto 37, kwa saa 24. Pima GABA iliyotoka. Huo ndio uvujaji wako, na watu wengi wanauruka.

Kisha toa mipigo 20 ya nanoampea 100, sekunde 60 kila mmoja. Kwenye benchi tu, tumia elektrodi kubwa ya fedha na kloridi ili chaji isikuishie katikati. Ufanisi ukiwa 50% utapata pikomoli 620 hivi, sawa na mikromola 3 kwenye hizo mikrolita 200, kiasi ambacho HPLC (mashine ya kutenganisha na kupima kemikali) yenye kitendanishi cha OPA inakiona bila shida. Pima na pH ya majimaji hayo. Ikishuka, protoni ndizo zinazobeba mkondo wako. Usitumie rangi yenye chaji chanya na pete kubwa za kemikali kupima ufanisi, inanasa kwenye utando na kukupa namba ya chini isiyo ya kweli. Rangi itumie baadaye, kwenye jeli ya agarosi ya 0.6%, kuona umbo la wingu linalotoka na kama kuna mpasuko kando ya kijiti.

Mwisho rudia kila kitu baada ya mizunguko 1,000 na baada ya kusafisha vijidudu. Mvuke wa nyuzi 121 unakunja plastiki nyembamba na kubandua utando, kwa hiyo panga kutumia gesi ya ethilini oksidi, na uache ipunguke kabisa kabla ya kuendelea.

DaktariNeva:

Na kwa zile familia. Hakuna kipandikizi cha kutoa dawa ubongoni kilichoidhinishwa kutibu kifafa, kwa hiyo hakuna foleni ya kujiandikisha, na anayewauzia nafasi anawaibia. Lakini wasiondoke mikono mitupu. Kifafa kinaitwa sugu pale dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa, kwa dozi ya kutosha, mgonjwa akizivumilia na kuzimeza, zimeshindwa. Wengi wanaoambiwa "sugu" hawajafika hapo.

Wakija, angalieni haya. Aina ya kifafa: kabamazepini inaweza kuchochea mishtuko ya kuduwaa na ile ya kushtuka kwa misuli. Kiwango cha dawa kwenye damu, pale maabara ipo: kabamazepini miligramu 4 hadi 12 kwa lita, fenitoini 10 hadi 20, fenobabitoni kama 15 hadi 40. Kabamazepini hujipunguza yenyewe ndani ya wiki chache za mwanzo kwa kuamsha vimeng'enya vya ini, kwa hiyo dozi iliyotosha mwezi wa kwanza haitoshi wa pili. Dawa nyingine anazomeza: rifampisini ya kifua kikuu inashusha dawa kadhaa za kifafa, na kabamazepini inashusha baadhi ya dawa za VVU, hivyo kliniki mbili zizungumze. Valproeti kwa msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba iepukwe kama kuna mbadala. Na dawa yoyote isikatwe ghafla kwa kuwa mtu amesikia kuna kifaa kinakuja.

Yakishahakikishwa hayo na bado anaanguka, tuma EEG na MRI ya utaratibu wa kifafa, kisha uliza kuhusu upasuaji. Upasuaji wa sehemu ya temporali umeshafanyika hapa Afrika Mashariki, CURE ya Mbale, Uganda, ni mfano. Mwombeni ndugu wa mgonjwa arekodi mshtuko kwa simu, tangu mwanzo kabisa kama anaweza, uso na mikono yote ikionekana. Upande ambao kichwa kinageukia kwanza na mkono unaokakamaa kwanza ni taarifa ambayo daktari hawezi kuipata kwenye kipimo cha damu.

Mfamasia_Zamu:

Naongeza moja kwa wanaoanzishiwa lamotrijini wakiwa tayari kwenye valproeti: valproeti inapandisha lamotrijini karibu mara mbili, kwa hiyo kwa mtu mzima lamotrijini ianzwe kwa miligramu 25 siku moja ndiyo, moja hapana, kwa wiki mbili za mwanzo. Upele wowote unaoambatana na homa au vidonda vya mdomoni, aende hospitali siku hiyohiyo.